Usipime Sufuria kwa Maziwa Baridi

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ndiyo iliyonipa mada ya leo. Mteja mmoja alinipigia simu na swali fupi: "Kaka, hili sasisho lina GB mbili tu, na seva yetu ina GB mia mbili zilizo wazi. Tuendelee, ama?" Nikamwambia angoje kwanza, nina maswali kadhaa. Akaudhika kidogo. Aliona namzungusha ili nimtoze siku moja zaidi. Basi nimeona nimjibu hapa kwa urefu, maana najua si yeye peke yake anayepiga hesabu namna hiyo. Hata mimi niliwahi kuipiga, na nitawasimulia ilinifikisha wapi.

Kila aliyewahi kupika chai anajua jambo moja. Nusu lita ya maziwa inaenea vizuri katika sufuria ya nusu lita, mradi maziwa ni baridi. Ukiwasha moto, maziwa yanapanda, yanamwagika, jiko linazima. Chai ikishaiva, yanashuka tena pale pale yalipokuwa. Anayeingia jikoni mwishoni atakuambia sufuria ilitosha. Aliyekuwepo katikati ndiye anayejua.

Sasisho kubwa la programu ya ofisi ni vivyo hivyo. Nafasi unayohitaji si ukubwa wa faili unayopakua. Wala si ukubwa wa mfumo baada ya kazi kwisha. Ni kile kilele cha katikati, pale ambapo data ya zamani bado ipo, data mpya inaandikwa kando yake, daftari la mabadiliko linavimba, na nakala ya dharura imekaa pembeni ikisubiri. Kilele hicho kinaweza kudumu saa moja tu kati ya usiku mzima. Lakini saa hiyo moja ndiyo inayoamua.

Sasa kisa changu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 4 Januari 2019. Chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi, jina nalihifadhi, kilinipa kazi ya kuweka toleo jipya la programu ya hesabu za wanachama. Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL, kiasi cha GB 190. Diski ilinunuliwa kama ya GB 500, lakini seva ilionyesha 465. (Hapo hakuna wizi: mwenye kiwanda anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na kompyuta nyingi zinahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024.) Ukitoa hifadhidata, mfumo wenyewe na takataka za miaka, zilibaki GB 210 wazi. Karatasi ya maelezo kutoka kwa walioandika programu ilisema sasisho linahitaji GB 10. Nikacheka. GB 10 na mimi ninazo 210! Nikaagiza chai, nikaanza kazi saa mbili usiku.

Hatua ya kwanza, nakala ya dharura. Nikaitoa hifadhidata yote kwa kuibana, ikawa faili ya GB 45. Nikaiweka wapi? Kwenye diski ile ile. Nikafungua kifurushi cha sasisho, kikala zile GB 10 zilizoahidiwa. Zikabaki 155. Bado nacheka.

Karatasi ile haikusema kwamba toleo jipya linabadilisha aina ya namba katika jedwali la miamala. Namba za miamala zilikuwa za aina ya integer, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647, na wenye programu walitaka kuhamia bigint ili zisije zikaisha. Nia njema kabisa. Ila ukiiambia PostgreSQL ibadilishe aina ya safu namna hiyo, haigusi namba moja moja pale zilipo. Inaandika jedwali lote upya, mstari kwa mstari, pamoja na faharasa zake zote, na la zamani linakaa pale pale mpaka kazi ikamilike. Jedwali letu lilikuwa GB 70, na faharasa zake GB 40. Kwa hiyo GB 110 mpya zilikuwa njiani.

Na si hizo tu. Kila kinachoandikwa kwenye hifadhidata hiyo huandikwa kwanza katika daftari la mabadiliko, lile wanaloliita WAL, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Kwa kawaida kurasa za zamani za daftari hilo hutumiwa tena baada ya muda mfupi. Lakini chama kilikuwa na seva ya pili katika tawi lao, iliyokuwa ikinakili kila kitu kupitia laini ya polepole, na seva kuu ilikuwa imewekewa alama ya kuiambia isitupe ukurasa wowote ambao mwenzake hajausoma. Seva kuu ikatii. Jedwali jipya likaandika GB 70, na daftari likaandika 70 zake zikangoja kusomwa. 155 kutoa 140 ni 15. Hapo ndipo faharasa zilipoanza kujengwa.

Saa tisa na dakika chache usiku diski ilijaa. PostgreSQL ikikosa mahali pa kuandika daftari lake, haijikokoti polepole. Inajizima, na ni haki yake, kwa sababu kuendelea bila daftari ni kuahidi usichoweza kutimiza. Nikajaribu kuiwasha. Ikakataa. Ili iamke ilihitaji kusoma daftari na kuandika kidogo, na hapakuwa na mahali pa kuandika hata kidogo.

Niwaambie kishawishi kilichonijia, maana na wewe kitakujia. Nilikuwa nikitazama folda ya pg_wal imejaa faili kubwa zenye majina ya namba tupu. Mkono ukaniwasha kuzifuta. Usizifute kamwe! Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog, watu wakaona neno "log" wakadhani ni kumbukumbu zisizo na kazi, wakafuta, wakapoteza hifadhidata zao. Ndiyo maana toleo la 10 la mwaka 2017 lilibadilisha jina. Ukizifuta umechana daftari la benki katikati ya siku ya kazi.

Nilichoweza kuhamisha salama kilikuwa kitu kimoja: ile nakala ya dharura ya GB 45. Nikatafuta diski ya nje, nikapata moja ya zamani, nikaanza kunakili. Nikangoja imalize, nikahakikisha imesomeka, ndipo nikaifuta ya kwenye seva. Wakati huo kumepambazuka, na Jumamosi chama kilikuwa kinafungua asubuhi.

Wasomaji wa Kenya wanajua maana ya Jumamosi ya kwanza ya Januari. Shule zinafunguliwa. Mwaka huo wa 2019 watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanaripoti wiki iliyofuata, na mwanachama aliyeweka akiba mwaka mzima anakuja kuchukua karo. Foleni ilifika nje ya lango. Mama mmoja alikuwa na orodha ya shule mkononi: godoro, sanduku, sare, ada. Mhudumu akamwambia, "Mama, mitambo iko chini, njoo Jumatatu." Mama akasema, "Mwanangu, Jumatatu natakiwa niwe Kitui saa nne." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mhudumu na kikombe cha chai iliyopoa. Hakunijua, wala hakujua kwamba "mitambo" ni mimi.

Mfumo uliamka saa saba mchana, ukiwa katika toleo lile lile la zamani. Nikagundua jambo jingine: vipande vya jedwali jipya vilibaki diskini bila mwenyewe, kwa sababu seva ilianguka kabla ya kuvisafisha. Hakuna data iliyopotea. Lakini ile foleni ilikuwa imetawanyika saa sita, na mama yule sikumwona tena.

Unaweza kusema huo ni uzembe wa kijana mmoja na seva moja. Kwa upande wangu nakubali. Lakini tuangalie kampuni inayosifiwa dunia nzima kwa mipango, hata vitabu vya usimamizi vinaisoma. Tarehe 29 Agosti 2023 Toyota ilisimamisha viwanda vyake 14 vya kuunganisha magari huko Japani, mistari 28 kwa jumla. Watu wakafikiria wadukuzi, kwa kuwa Machi 2022 shambulio dhidi ya mmoja wa wanaoiuzia vipuri lilikuwa limesimamisha viwanda hivyo. Septemba 2023 Toyota ikatoa maelezo. Hapakuwa na mdukuzi. Tarehe 27 Agosti walikuwa na matengenezo ya kawaida ya seva zinazoshughulikia maagizo ya vipuri. Katika kazi ya kufuta na kupanga upya data iliyorundikana kwenye hifadhidata, diski ikakosa nafasi, mfumo ukasimama. Na seva za akiba? Zilikuwa zinaendeshwa katika mfumo ule ule, zikapata tatizo lile lile, ikashindikana kuhamia huko. Walinusurika kwa kuhamishia data kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi, na viwanda vikarudi kazini siku iliyofuata.

Soma tena hapo kwenye kufuta. Walikuwa wanasafisha! Wengi wetu tunaamini kwamba kazi ya kupunguza data haiwezi kujaza diski. Inaweza, kwa sababu hata kufuta huandikwa katika daftari, na kupanga upya mara nyingi ni kuandika nakala mpya kabla ya kuitupa ya zamani. Katika PostgreSQL, amri ya VACUUM FULL, ambayo watu huikimbilia diski inapokaribia kujaa, inaandika jedwali zima upya kwanza. Ni kama mtu anayetaka kupanga chumba kilichojaa: lazima kwanza atoe vitu nje. Asiye na uwanja atavitoa wapi?

Na soma tena hapo kwenye seva za akiba. Mimi niliweka nakala ya dharura kwenye diski ile ile iliyokuwa hatarini, na kosa langu lina undugu na lao. Nakala inayokaa mahali ambapo ajali itatokea haitakuokoa. Tena yenyewe inaongeza mzigo unaoleta ajali. Zile GB 45 zingekaa kwingine tangu mwanzo, ningekuwa na pumzi zaidi usiku ule, ingawa nakiri zisingetosha.

Basi hesabu inakwendaje? Chukua karatasi, haihitaji programu. Nitatumia namba zangu zile zile.

1. Kifurushi na kilichofunguliwa kutoka ndani yake: GB 10. Hii ndiyo namba pekee ambayo wenye programu walinipa.
2. Kila jedwali litakaloandikwa upya, pamoja na faharasa zake: GB 110. Namba hii hutaijua mpaka uulize sasisho linabadilisha nini ndani ya hifadhidata.
3. Daftari la mabadiliko, ukichukulia kwamba seva ya pili haitasoma chochote mpaka kazi iishe: GB 110 nyingine.
4. Nafasi ya muda ya kupanga data wakati faharasa zinajengwa: nakadiria GB 20.
5. Nakala ya dharura: sifuri kwenye diski hii, kwa sababu inakaa kwingine.

Jumla ni GB 250. Ongeza sehemu moja ya tano kwa yale ambayo hukuyaona, inakuwa 300. Nilikuwa na 210. Upungufu wa GB 90, unaoonekana wazi kwenye karatasi kwa dakika kumi, kabla hata ya kuagiza chai. Majuto ni mjukuu.

Hesabu ikiisha, fanya jaribio. Rudisha ile nakala ya dharura kwenye mashine nyingine, endesha sasisho huko, na kila dakika andika df -h inasema nini. Namba ya chini kabisa ya nafasi iliyobaki ndiyo unayoitafuta, si ya mwisho. Ukitumia Linux angalia na df -i, kwa sababu diski inaweza kuwa na GB nyingi wazi lakini ikaishiwa na nafasi za kusajili faili mpya. Na ukifuta faili kubwa ukaona nafasi hairudi, kuna programu bado imeishikilia. Mpaka iiachie au izimwe, hujapata kitu. Jaribio hilo lina faida ya pili: linathibitisha kwamba nakala yako inarudishika. Wengi wana nakala. Waliowahi kuirudisha ni wachache.

Najua mtaniambia: "Wewe bado uko zama za diski za chuma. Siku hizi ni wingu, unabofya tu diski inakua." Kweli, wingu limerahisisha mengi, nami nalitumia. Lakini bado mtu lazima awe macho saa tisa usiku abofye, na baada ya diski kukua kuna hatua ya kuuambia mfumo wa faili nao utanuke. Halafu diski kama zile za EBS za Amazon zinakua bila kupungua. Ukiikuza kwa sababu ya kilele cha saa moja, utailipia mwezi kwa mwezi, au uhamishe data kwenda diski ndogo. Kwa hiyo hata mwenye wingu anahitaji ile karatasi.

Wengine wataniambia zipo njia za kupunguza kilele. Zipo, na ni nzuri. Badala ya kubadilisha safu kwa amri moja, unaongeza safu mpya ya bigint, unaijaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, halafu unabadilisha majina usiku mmoja. Kilele kinashuka, na ukiona hatari unasimama. Vilevile, kuhamisha PostgreSQL kutoka toleo kubwa hadi jingine kwa pg_upgrade kwa kawaida kunanakili faili zote, yaani unahitaji nafasi karibu mara mbili. Ukichagua njia ya --link, faili hazinakiliwi. Za zamani na mpya zinashirikiana, kazi inakwisha haraka na diski haishtuki. Ila ukishawasha toleo jipya, la zamani si salama kulitumia tena. Umeokoa nafasi, umeuza njia ya kurudi.

Ukifikiri sana utaona kwamba karibu ujanja wote wa kubana nafasi wakati wa sasisho unafanana na huo. Windows nayo ina amri ya DISM yenye /ResetBase. Inasafisha vipande vya zamani na kukupa nafasi, lakini masasisho yaliyokwisha kuwekwa huwezi tena kuyaondoa. Hata zile picha za mashine pepe ambazo wengi huziona ni nakala za dharura, VMware wenyewe wanashauri usikae na moja zaidi ya saa 72, kwa sababu inakua kila data inapobadilika, na inakula diski ile ile ya mashine mama.

Ndiyo maana mimi huwaambia wateja kwamba nafasi tupu kwenye diski ni nauli ya kurudi. Ukisafiri na nauli ya kwenda tu, safari inaweza kuwa njema kabisa. Lakini ukifika ukute mlango umefungwa, utalala stendi. Meneja wa fedha anaona GB 300 zilizokaa bure na kusema tunapoteza pesa. Mwambie aulize foleni ya Januari.

Sasa neno kwetu sisi tunaoandika programu, kwa maana lawama hii haimwangukii anayesakinisha peke yake. Karatasi ile ya "GB 10" iliandikwa na mwenzetu. Alipima kifurushi kwenye kompyuta yake, yenye hifadhidata ya majaribio ya miamala elfu chache, akaandika alichoona. Sasisho likigusa majedwali, tuseme wazi: jedwali fulani litaandikwa upya, kwa hiyo andaa ukubwa wake mara mbili. Sentensi moja. Hata afadhali, sasisho lenyewe lipime jedwali na nafasi iliyobaki kabla ya kugusa chochote, na nafasi isipotosha likatae kuanza. Kukataa saa mbili usiku ni huruma kuliko kuanguka saa tisa. Na nyinyi mnaonunua programu hizi, hilo liingie katika mkataba: muuzaji aeleze kilele cha diski kwa kila sasisho kubwa, na muda wa kurudi nyuma. Tunabishana wiki nzima kuhusu bei ya leseni, halafu diski hakuna anayeiuliza.

Yule mteja wa simu? Tulikaa na karatasi juzi. Hesabu yake ilitoka GB 260, naye ana 200. Ameagiza diski ya pili kwa ajili ya nakala na ya muda, na sasisho limesogezwa wiki mbili, mbali na mwisho wa mwezi. Bado ananung'unika kidogo. Namwelewa, mimi pia ningenung'unika.

Kama na wewe umewahi kujaza diski katikati ya kazi, niandikie ulijinasua vipi, hasa wenzangu wa SQL Server na Oracle. Nitakusanya visa hivyo siku nyingine. Mpaka hapo, fungua seva yako uandike df -h, uone una sufuria ya kiasi gani. Kwaherini.